Akina mama wanaogopa mbolea ya dukani, dawa ya viazi hawaiogopi. Nianzie wapi?

Afisa_wa_Wadi:

Hamjambo wadau. Naandaa mafunzo ya siku mbili kwa vikundi viwili vya akina mama wakulima, kimoja cha viazi upande wa Mau Narok, kingine cha mpunga Ahero. Mada ni madhara ya kiafya na ya mazingira katika kazi ya shamba. Kikao cha maandalizi kilikuwa na swali moja tu: hatari kubwa katika kazi yenu ni ipi?

Wa Mau Narok walitaja mvua ya mawe, baridi ya usiku inayounguza viazi, madalali wanaojaza gunia hadi linatoa shingo, mbegu mbovu, na mbolea ya dukani "inayochosha udongo". Wa Ahero wakataja mafuriko ya Nyando, mbu, ndege wa mpunga na nyoka. Dawa ya kunyunyizia haikutajwa na hata mmoja, na mnajua viazi vya mvua ndefu hupigwa dawa ya ukungu karibu kila wiki. Kichocho kimya. Moshi wa jikoni kimya.

Je, huku ni kutojua, au swali langu ndilo bovu? Kama ni swali, nilipange vipi bila kuwawekea majibu mdomoni? Na kwa siku mbili, nibane wapi, niache wapi? Vipeperushi ninavyo, vya picha ya mtu aliyevaa kama anaenda mwezini, lakini sioni vikimsaidia mtu. Naomba majibu ya kina, si "wahamasishwe".

Mpalilaji:

Swali ndilo bovu, na ubovu wake uko kwenye maneno mawili.

La kwanza ni "hatari". Kwetu hatari ni kitu cha papo hapo: fuvu kwenye nguzo ya stima, nyoka, mto uliovunja kingo. Kitu kinachokula mwili polepole miaka kumi hakiitwi hatari. Ukiuliza hatari utapewa nyoka, na umepewa nyoka.

La pili ni "dawa". Ya kikohozi ni dawa, ya ng'ombe ni dawa, ya viazi ni dawa. Sumu ni ya panya peke yake. Tena dawa ikiitwa kali, hiyo ni sifa: "ile ni kali, inashika". Wewe unaonya, yeye anasikia unasifu. Katika mafunzo sema "sumu ya ukungu" na "sumu ya wadudu" tangu dakika ya kwanza. Watakukatiza waseme si sumu, ni dawa. Waache wabishane nusu saa, hiyo nusu saa haijapotea.

Kutojua ni kidogo kuliko unavyodhani. Akina mama husoma dalili: harufu, muwasho, rangi ya majani, nyuki waliokufa, magugu yaliyobadilika. Baadhi ya dalili hizo ni za kweli kabisa. Chukua hiyo mbolea. DAP ina amonia, na amonia ikigeuka kuwa naitreti udongoni huacha asidi. Msimu baada ya msimu pH (kipimo kinachoshuka asidi ikizidi) inashuka, na ikipita chini ya 5.5 alumini inaanza kuyeyuka na kuharibu ncha za mizizi. Mashamba ya namna hiyo ni mengi magharibi mwa Kenya. Mama wa Siaya akiona kayongo, lile gugu la mahindi, imejaa shambani husema udongo umechoka, na kweli kayongo hustawi penye upungufu wa naitrojeni. Ukianza kwa kumwambia amekosea kuhusu mbolea, umempoteza kwa mambo yote yaliyobaki. Mkubalie, zungumzieni chokaa na samadi, halafu songeni mbele.

Dalili inayodanganya kuliko zote ni harufu. Wengi hushikilia mambo mawili kwa pamoja: isiyonuka haina nguvu, na isiyonuka haina madhara. Harufu mara nyingi hutoka kwenye kiyeyusho au salfa iliyo ndani, si kwenye sumu yenyewe, kwa hiyo pua haipimi chochote hapo.

Zoezi lenyewe sasa. Usichore hatari, chora kazi. Karatasi ya manila moja kwa kila kazi: kuchota maji, kuchanganya dawa, kunyunyiza, kupalilia, kuvuna, kufua nguo za shamba, kukausha, kuhifadhi, kupika. Mpe kila mama punje 20 za mahindi. Mzunguko wa kwanza aweke punje pale ambapo mwili humsumbua jioni baada ya kazi hiyo. Hesabu, andika, ondoa. Wa pili aweke pale ambapo yeye ndiye mfanyaji. Wa tatu aweke pale ambapo yeye ndiye mwenye kuamua na kununua.

Tazama rundo la pili na la tatu. Mara nyingi hayakutani. Maji, kuchanganya, kupalilia na kufua ni juu yake. Dawa ipi inunuliwe na ipigwe lini ni juu ya mzee. Mafunzo ya "nunueni glavu" humwambia jambo hilo mtu asiyeshika pesa, na hapo ndipo mafunzo mengi hufia.

Baada ya hapo, mchoro wa mwili. Mmoja alale kwenye karatasi achorwe, kisha watie alama panapouma, lakini kwa siku tatu tofauti: siku ya kunyunyiza kwa rangi moja, ya kupalilia kwa nyingine, ya kufua kwa nyingine. Sababu ya kutenganisha ni kwamba kila mtu atakuambia kichwa huuma kwa ajili ya jua. Alama zikijaa kichwani na machoni siku ya kunyunyiza na kufua, lakini si siku ya kupalilia, jua linakosa mtetezi. Wataona wenyewe kabla hujafungua mdomo.

Utakutana pia na "ukizoea haikudhuru". Ni kinyume. Sumu za jamii ya organofosfeti, kwa mfano dimethoate na chlorpyrifos, huzuia kimeng'enya cha kolinesterasi kinachotuliza neva na misuli. Mwili hukirudisha taratibu, kwa wiki kadhaa. Anayenyunyiza kila wiki hukishusha tena kabla hakijarudi, kwa hiyo aliyezoea ndiye aliyekaribia ukingo. Siku hiyo dozi ndogo inatosha kuleta mate mengi, jasho, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, na misuli kuchezacheza. Wafundishe hiyo mboni ya jicho. Haihitaji kipimo, na haiwezi kuchanganywa na jua wala malaria.

Kaunta_ya_Agroveti:

Mpalilaji amesema vizuri. Naongeza yanayotokea upande wa kaunta, kwa sababu imani nyingi huanzia hapo.

Utepe wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni kali zaidi, kisha njano, bluu, kijani. Wateja wengi wanajua hilo, na shida inaanzia kwenye kujua huko: kijani wanakisoma "salama". Utepe huonyesha jambo moja tu, yaani uwezekano wa sumu kumdhuru mtu mara moja akiimeza au ikimpata kwenye ngozi. Hausemi lolote kuhusu madhara ya miaka, wala ya mimba. Mfano uko shambani kwa hao hao wa Mau Narok. Mancozeb, ule unga wa njano wa kuzuia ukungu wa viazi, kwa upande wa kudhuru ghafla iko kundi la chini kabisa. Hata hivyo Umoja wa Ulaya ulikataa kuipa tena kibali Desemba 2020, kwa sababu ya madhara kwa mtoto aliye tumboni na kuvuruga homoni. Inapovunjika hutoa kitu kinachoitwa ETU, kinachosumbua tezi ya shingo. Kwa hiyo mama mjamzito anayechanganya huo unga kwa mkono kila wiki anashika kitu ambacho rangi ya lebo imemwambia asijali.

Sambamba na hilo, managu na terere. Huota zenyewe katikati ya viazi, mama huzichuma wakati wa kupalilia, zikaenda sufuriani jioni ile. Akilini mwake hiyo ni mboga ya porini, haijapigwa chochote. Imepigwa kila mara viazi vilipopigwa. Lebo ya viazi ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, managu hayana lebo. Njia rahisi ni kuchuma asubuhi kabla ya pampu kupita, au kutenga tuta la managu upande upepo unakotoka, mbali na viazi.

Kupimiwa. Mteja mwenye shilingi 50 hanunui chupa ya lita, hupimiwa kwenye chupa ya soda au karatasi ya nailoni. Hapo lebo yote imebaki dukani: jina la sumu, kipimo, siku za kusubiri, la kufanya mtu akidhurika, na nambari ya usajili inayoanza na PCPB, yaani bodi ya Kenya inayosajili dawa hizi. Ni kosa, na linafanyika. Badala ya kumlaumu mnunuzi, shauri kikundi kinunue kifurushi kamili kwa fedha za chama, lebo ibaki na katibu, wagawane siku ya kunyunyiza tu, shambani, si nyumbani.

Kipimo. Vizibo vya soda havilingani, usifundishe kizibo. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha mezani 15. Lebo ikisema mililita 30 kwa pampu ya lita 20, ni vijiko 2 vya mezani, na kijiko hicho kinafungwa kwa uzi kwenye pampu kisirudi jikoni. Waonyeshe na hesabu hii: mililita 30 ndani ya lita 20 imezimuliwa zaidi ya mara 600. Tone 1 la sumu mbichi mkononi lina sumu sawa na matone zaidi ya 600 ya kwenye pampu. Ndiyo maana dakika tano za kuchanganya huweza kumzidi mama saa nzima ya kunyunyiza, na kuchanganya ndiko alikoachiwa.

La mwisho, maziwa. Nusu ya wateja wanaamini ukinywa maziwa kabla au baada ya kunyunyiza sumu inakatika. Haikatiki. Sumu nyingi zimeingia kwa ngozi, hazikupita tumboni, na zilizomezwa zikiwa za kuyeyuka kwenye mafuta zinaweza kufyonzwa haraka zaidi kwa mafuta ya maziwa. Ubaya mkubwa ni kwamba glasi ya maziwa humpa mtu ruhusa ya kutonawa. Maziwa ni chakula, anywe baada ya kuoga kwa sabuni.

Pampu_ya_Mgongo:

Acha vipeperushi. Nunua rangi ya chakula, ufanye hili siku ya kwanza mchana.

Pampu ileile wanayotumia, si mpya ya maonyesho. Ioshwe vizuri, iwekwe maji safi lita 10 na rangi ya kutosha maji yawe mekundu kabisa. Mmoja wao avae shati jeupe kuukuu na suruali nyeupe, kifundo cha kila mkono kizungushwe karatasi nyeupe ya chooni ifungwe kwa raba. Mwambie apige mstari wa mita 20 kwenye viazi vilivyofika magoti, kama siku zote, asijirekebishe. Kisha asimame katikati ya duara, wenzake wamsome.

Mekundu yatakuwa sehemu tatu. Mapaja na miguu mbele, kwa sababu ananyunyiza mbele yake kisha anapita katikati ya majani aliyoyalowesha. Kiuno na mgongo wa chini, kwa sababu mpira wa mfuniko umekauka au pampu imejazwa hadi mdomoni, akiinama inamwagika. Na kifundo cha mkono wa kishikio, pale bomba linapoingia kwenye kifyatuo. Usoni huwa kidogo. Hapo uliza: barakoa uliyoitegemea inakinga wapi? Ile ya karatasi haizuii mvuke hata huo uso ikiufunika, na njia kubwa ya sumu ni ngozi.

Marekebisho yafanyike palepale, siyo kesho. Mpira wa mfuniko ubadilishwe. Bomba likazwe kwa klipu. Pampu isijazwe kupita alama. Anyunyize upande upepo unakoelekea, upande mmoja wa mwili, huku akisogea kuelekea pakavu. Aproni ya karatasi ya nailoni, ile ya kufunikia kitalu, toka kifuani hadi kwenye kifundo cha mguu, na kipande kingine mgongoni chini ya pampu; bei yake ni ndogo sana na inakinga sehemu mbili kati ya tatu zilizokuwa nyekundu. Rudia mstari na nguo nyingine nyeupe ndani ya aproni. Tofauti itajieleza.

Glavu ziwe za mpira mrefu au naitraili. Za ngozi na za kitambaa hunywa sumu na kuigandisha kwenye vidole siku nzima, bora mikono mitupu inayonawa. Mkono wa shati uwe juu ya glavu unaponyunyiza viazi. Glavu zioshwe kwa sabuni kabla ya kuvuliwa. Tundu la kutolea dawa likiziba, lisipulizwe kwa mdomo. Mswaki mkuukuu au unyasi mbichi.

Chupa ikiisha, jaza maji robo, tikisa nusu dakika, mimina kwenye pampu. Mara tatu. Kisha itoboe. Isipotobolewa itarudi na mafuta ya taa, na baadaye na maziwa.

Nyar_Kano:

Nilidhani wa mpunga mmetusahau.

Kichocho hakikutajwa Ahero kwa sababu hakina mahali pa kuanzia. Mbu anauma unamwona. Kichocho kinaingia kupitia ngozi, unawashwa kidogo au huwashwi, na kinachoonekana huja baada ya miezi, sehemu ya mwili isiyozungumzwa mbele ya watu. Kuna jambo la pili: wengi wanakiona ni ugonjwa wa watoto wa shule, kwa kuwa dawa za kichocho hugawiwa shuleni. Anayesimama majini wiki tatu akipandikiza ni mama.

Kuna aina mbili, na mafunzo mengi huzichanganya. Ufukweni mwa ziwa kuna ya matumbo. Ndani ya bonde la Kano, kwenye mifereji na madimbwi, kuna ya mkojo, inayobebwa na konokono wa jamii ya Bulinus. Hii ya mkojo ndiyo inayomletea mwanamke vidonda vya uke na shingo ya kizazi, kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, maumivu chini ya kitovu. Zahanatini hudhaniwa ni ugonjwa wa zinaa. Anapewa dawa za zinaa, haponi, na nyumbani kesi inaanza ya nani amemletea nani. Aibu hiyo ndiyo inayowafunga midomo, kwa hiyo usiulize mbele ya kundi. Weka karatasi yenye picha ya mwili wa mwanamke nyuma ya pazia, kila mmoja aingie peke yake aweke punje. Mwezeshaji wa sehemu hiyo awe mwanamke, tafadhali. Kina mama wenyewe wakigundua punje zimejaa mahali pamoja, hakuna aliyetaja jina la mtu.

Nini cha kufundisha: minyoo hutoka kwenye konokono kwa mwanga, wengi zaidi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Kupandikiza saa kumi na mbili hadi saa nne kunapunguza, hakumalizi. Gambuti kwenye jaruba la mpunga ni kazi bure, tope linazivua. Zinafaa wakati wa kusafisha mifereji. Minyoo hao bila kupata mtu hufa ndani ya saa 48, hivyo maji ya mfereji ya kuogea yakikaa kwenye pipa lisilo na konokono siku mbili, yamepoa. Kuna wanaosema jaruba likikaushwa konokono wamekwisha. Bulinus hujifukia kwenye tope na kungoja maji, kwa hiyo msiwaahidi hilo.

Tiba ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Mjamzito anaweza kupewa baada ya miezi mitatu ya kwanza, Shirika la Afya Duniani (WHO) linaruhusu, ingawa wengi huambiwa wangoje hadi wamalize kunyonyesha. Lakini akirudi majini kesho ataambukizwa upya, kwa hiyo choo karibu na majaruba ni sehemu ya tiba. Mkojo na kinyesi kikikatika kufika mfereji, mzunguko umekatika. Ombeni choo kwenye kamati ya maji ya blok, siyo kwenye mafunzo.

Afisa_wa_Wadi:

Asanteni sana, nimeshachana ratiba yangu yote. Nyar Kano, hiyo ya pazia sikuiwaza, na nimeshapata dada muuguzi wa kuendesha sehemu hiyo.

Swali la nyongeza. Mama mmoja wa Mau Narok aliuliza, baada ya kikao, kama vidonge vya kuweka kwenye gunia la mahindi ni sawa "kwa sababu havinuki sana kama unga" wa kuua wadudu. Nilimjibu kwa tahadhari tu. Ghala liingie kwenye siku mbili au niliache?

Ghala_Kavu:

Liingie, na hivyo vidonge viwe cha kwanza, kabla ya viazi.

Vidonge hivyo ni aluminiamu fosfaidi. Vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi. Piga hesabu ya chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3, kwenda juu mita 2.5, madirisha yamefungwa kwa baridi ya Mau: vidonge 2 vikitoa gesi yote vinafikisha sehemu zaidi ya 60 kwa milioni. Kiwango kinachohesabiwa kutishia uhai papo hapo ni 50. Kwa wizi wa siku hizi magunia yanalala chumbani na watu, na wanaolala chini karibu nayo ni watoto. Hakuna dawa ya kuikata hiyo gesi mwilini. Harufu ya kitunguu saumu inayosemwa huweza isisikike kabisa. Kwa hiyo jibu kwa huyo mama ni moja tu, hapana, si kwa nyumba inayolaliwa, na kazi hiyo ni ya wafukizaji wenye leseni penye ghala la peke yake.

Mpe mbadala hapo hapo, la sivyo atarudi kwenye kidonge. Mfuko usiopitisha hewa, wenye karatasi mbili za nailoni ndani ya gunia. Kila karatasi ikamuliwe hewa, isokotwe, ikunjwe, ifungwe peke yake. Wadudu hutumia hewa iliyobaki wakafa. Usifunguliwe kila siku kwa ajili ya kibaba. Tenga debe la matumizi pembeni. Panya akitoboa, kazi imeharibika.

Lakini mfuko ule hauponyi mahindi mabichi, unayaozesha. Unyevu uwe 13.5 kwa mia kushuka. Bila kipimo, tumia chumvi: chupa kavu ya glasi, mahindi theluthi moja, vijiko 3 vya chumvi iliyokaushwa juani au kwenye sufuria, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umepita 15, rudisha juani. Isipoganda, hapo ni chini ya 15, siyo lazima 13.5, ongeza siku moja ya jua juu ya turubai. Wengine huuma punje kwa jino wakisikiliza "ka". Jino la mtu aliyezoea si baya, ila halilingani na la jirani.

Sasa sumu-kuvu. Hapa dalili za akina mama ni za nusu ukweli. Wanachambua mahindi mabovu, na wanafanya sawa, kwa kuwa aflatoksini, sumu ya ukungu wa kijani, hukusanyika kwenye punje chache. Kuchambua huondoa sehemu kubwa. Kosa liko kwenye mambo mawili. Wanaamini kupika sana kunamaliza. Aflatoksini haiishi kwa moto wa ugali. Na mabovu yaliyochambuliwa hayatupwi: huenda kwa kuku, kwa ng'ombe, au kwenye busaa. Ng'ombe akilishwa, sumu hiyo hutokea kwenye maziwa ndani ya siku moja au mbili, na maziwa yale yanarudi kwa mtoto ambaye mama alimchambulia unga mzuri. Mwaka 2004 upande wa Makueni na Kitui watu 125 walikufa kwa mahindi ya namna hiyo. Mazito kutaja, lakini watu wa magharibi hudhani ni shida ya ukame wa Ukambani tu. Njugu karanga za Busia na Homa Bay hazijui mipaka ya kaunti.

Ukungu wa rangi ya waridi au mweupe kwenye gunzi ni jamii nyingine, na una sumu yake. Usiwaambie kijani tu ndio mbaya.

Mpalilaji:

Mawili ya haraka, kwa sababu yameguswa pembeni.

Moshi. Usianze kwa kusema moshi ni mbaya. Mahindi ya mbegu yananing'inizwa juu ya mafiga makusudi. Moshi hukausha, hufukuza dumuzi na mbu. Ukiondoa moshi bila kutoa mfuko wa Ghala_Kavu umemnyang'anya ghala. Mfuko kwanza, jiko la udongo lililofunikwa baadaye, na tundu la kutolea moshi juu ya ukuta upande upepo unakoelekea.

Nguo za kunyunyizia. Ziko kwa mama hata pale anayenyunyiza ni mzee, na kwenye zoezi la mwili utaona alama za siku ya kufua. Zisilale ndani ya nyumba. Zisuuzwe nje kwanza kwa ndoo, maji yamwagwe kwenye udongo mbali na kisima na mto, kisha sabuni mara mbili peke yake, beseni lao wenyewe, zianikwe juani. Na nepi zisifuate kwenye beseni hilo. Mtoto mgongoni asiingie shamba ambalo majani bado yamelowa dawa. Lebo ikikosekana, siku nzima ipite.

Afisa_wa_Wadi:

Nimepanga hivi: siku ya kwanza asubuhi punje na mchoro wa mwili, mchana rangi na pampu. Siku ya pili Mau Narok ghala na managu, Ahero pazia na kamati ya maji. Nimewaalika wazee wawili wenye kununua dawa waje mchana wa pampu tu, washike hiyo pampu wenyewe. Moja la mwisho: rangi ya chakula iwe ipi?

Pampu_ya_Mgongo:

Nyekundu. Ya njano hupotea kwenye nguo iliyoshika vumbi, na ya bluu kwenye majani ya viazi huioni. Na wazee hao, mmoja avae nguo nyeupe yeye.